Umri wa Habari

"Fungua friji," Mama Demetria alimwambia Fakihi, muuzaji wa duka lake la dawa la Kipawa, mbele ya wateja.

Fakihi akafungua. Insulini hakuna. Kwenye simu ya mteja aliyeifuata kutoka Tabata ilionekana ipo, tena ya kutosha.

"Kila siku simu inasema ipo, we unasema imeisha. Unamwekea nani pembeni?"

Swali lilimgusa pabaya, maana Fakihi alikuwa akiweka pembeni kweli. Pale Kipawa mzee mwenye sukari akichelewa, dawa yake humsubiri nyuma ya friji, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mama akampa mpaka kesho ajieleze, la sivyo aache funguo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza mitambo ya maduka yake matatu ya dawa. Nilimshuku Fakihi, kwa kuwa mimi humshuku kila mtu. Ila mashine nazishuku zaidi, maana wanaoziunda nawafahamu.

Nikafuatilia. Hesabu ya friji hutoka Kipawa kwenda seva kuu, nayo hubaki na nakala. Duka la Tabata huchukua nakala ya nakala hiyo, na simu ya mteja huchukua ya Tabata. Kila mmoja aliruhusiwa kuitunza kwa saa moja, kisha aulize upya. Kumbe kila mmoja alianza kuihesabu saa hiyo pale alipoipokea habari, si pale hesabu ilipofanyika. Habari iliyochakaa seva kuu ilifika Tabata ikapewa uhai mpya, na kwenye simu ikapewa mwingine. Fakihi alikuwa ameuza chupa ya mwisho asubuhi, kwa risiti, na adhuhuri simu bado ziliapa kwamba ipo. Nikaifanya kila habari isafiri na umri wake, tangu hesabu ilipofanyika kwenye friji.

Mama Demetria aliilinganisha skrini yangu na risiti.

"Sawa. Lakini kuweka pembeni alikuwaga anaweka."

"Alikuwa anaweka, mama. Kuiba hakuiba."

Alikuwa keshawapigia watu wa maduka yake mengine, Buguruni na Tabata, wamchunge Fakihi. Nikamwomba awapigie tena kumsafisha. Akasema atawapigia, nami sikumwamini.

Wiki iliyofuata nilipita Kipawa wakati wa kufunga. Fakihi aliponiona akasimama mlangoni, akafungua begi lake bila kuombwa: shati, chaja, kontena tupu la chakula. Iliniuma sana.

"Braza, hakuna anayekukagua."

"Najua, sista. We angalia tu."

Nikaangalia.