Povu Kabla ya Maji

Povu lilipochomoka kwenye shimo la kisima kipya, jeupe, zito, likampita Benjamini fundi mkuu hadi juu ya kofia yake, kina mama walipiga vigelegele. Martina, aliyekuwa kwenye pipa akikoroga dawa ya povu, aliinamisha macho.

Yeye alijua. Maji ya povu lile yaliletwa asubuhi na boza kutoka Kagongwa. Aliyachanganya na dawa kwa mikono yake, kompresa ikayasukuma chini pamoja na upepo ili yapandishe unga wa mwamba. Shimo lenyewe lilikuwa bado kavu.

"Mmeona?" Nyamizi, mama mkwe wake, alijitokeza mbele ya wenzake, mjukuu wake Limi yuko mgongoni. "Mlisema, mkamwana gani huyu, anaacha mtoto anakwenda shule ya jioni. Haya, shule ya jioni imejibu!"

"Tena imejibu kwa maziwa," alisema Euphrasia, jirani yao. "Mama Limi, bado majani ya chai tu!"

Wakacheka. Martina naye akacheka kidogo. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini mkamwana hamkatizi mama mkwe mbele za watu, na zaidi ya hilo, tangu aolewe hakuwahi kumsikia akimsifu. Sifa zile zilimwingia tamu. Nitasema wakitulia, alijiambia, akarudi kukoroga.

Hawakutulia. Nyamizi aliinua ndoo ya maji ya lambo aliyowaletea mafundi ya kupikia, maji mekundu ya kuamkia alfajiri. "Tope hili tunagombania na ng'ombe. Leo tunaagana nalo!" Akaimwaga yote. Euphrasia akapindua yake. Mwingine akashika ya kwake.

"Mayu, mama zangu, msimwage!" Sauti ilimtoka Martina kabla hajaipanga. "Povu hilo si maji ya kisima. Ni dawa yetu na maji ya boza. Maji bado hatujayapata."

Vigelegele vilikatika. Povu likawa linapasukapasuka ardhini, likiacha uji wa kijivu.

"Ulijua tangu lini?" Nyamizi aliuliza.

"Tangu mwanzo, mama."

"Na mimi napayuka vile?"

Martina akapiga magoti palepale topeni. "Nisamehe, mama. Nilipenda ulivyonisifu."

Masikio yalimwaka. Laiti angemkaripia! Nyamizi alikaza tu mbeleko, akaokota ndoo, akashika njia ya lambo. Limi aligeuza shingo kumtafuta mama yake mpaka wakapotelea kwenye minyaa.

"Mama Limi, dawa!" Benjamini aliita. Martina akainuka, akakoroga, hatazami mtu.

Alasiri Nyamizi alirudi na ndoo imejaa. Alichota kikombe, akakisogeza mbele ya Martina bila kumtazama. "Kunywa. Umeshinda juani."

Martina alikipokea kwa mikono miwili, na ule wema ukamchoma kuliko matusi.

"Sasa nieleze," alisema Nyamizi. "Maji yakija kweli, tutajuaje?"

"Povu litalegea, mama. Maji ya chini yakiliingia, linakonda, linakatikakatika, mwisho yanabaki maji tu."

"Na ukiliona limelegea, utasema?"

"Nitasema."

"Siyo kwa kunong'ona."

"Kwa sauti, mama."

Nyamizi akaifudikiza ndoo ya Euphrasia iliyoachwa pale, akaikalia, akampakata Limi. Wakatazama shimo. Povu lilikuwa bado zito.