Shemeji Kwenye Chumba cha Seva

Fundi hakuwa amemaliza hata chai ya asubuhi karani wa mapokezi alipompigia kutoka zahanati.

"Dada, kioo kimekuwa cheusi! Wagonjwa wamejaa mpaka nje, na mafaili yao siyaoni."

Seva ya zahanati, kompyuta iliyotunza mafaili yote, ilitumia mfumo wa Linux, na fundi, mwanamke mwenye kinyaa cha kuzaliwa nacho, alizoea kuihudumia akiwa mezani kwake, kwa ileile programu ya kuingilia kwa mbali waliyoitumia mapokezi. Akajaribu kwa akaunti ya mapokezi. Nywila ikakubaliwa, dirisha likafunguka jeusi tii, kisha likamtupa nje. Mara ya pili, vilevile.

Akaingia kwa njia ya maandishi matupu, ambayo haikuwa na shida. Programu ilikuwa hai. Akaiwasha upya, wapi! Ngome ya mtandao haikuzuia kitu, diski haikujaa. Mwishowe akaiuliza seva ni nani waliomo ndani. Ikamjibu kwamba akaunti hiyo ya mapokezi, ambayo nywila yake wafanyakazi wote waliijua, ilikuwa imefunguliwa kwenye kibodi ya seva yenyewe tangu jana jioni. Na seva ile haikukubali akaunti moja ikae kwenye vioo viwili.

"Nani yuko chumba cha seva?" akamuuliza karani.

"Hakuna mtu. Ufunguo anao mtunza stoo, na yuko semina wiki hii yote."

Mtunza stoo alikuwa mume wa dada yake fundi. Siku ya nne sasa dada mtu alikuwa peke yake na mapacha wa wiki sita, akisubiri semina iishe.

Fundi angeweza kumfukuza mtu huyo kwenye seva akiwa palepale mezani. Lakini kama ni mwizi je? Akachukua ufunguo wake wa akiba, akaenda.

Alipofungua mlango, harufu ilimpiga usoni kama tambara bichi. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, na juu ya godoro la wagonjwa shemeji yake alikuwa anakoroma, tumbo wazi, shati limemkunjamana kifuani. Soksi zake zilianikwa kwenye matundu ya seva, pale panapotoka hewa ya moto, zikiiva taratibu. Mifupa ya kuku ilikuwa ndani ya beseni la kliniki. Kando yake, chupa iliyojaa kitu cha njano ambacho hakikuwa juisi. Kwenye kioo, filamu ilikuwa imesimama katikati.

Fundi akakishika kipanya kwa kipande cha karatasi, akakuta kinanata; akaitazama kibodi, akaona kucha zilizokatwa zimelala katikati ya herufi.

"Shemeji!"

Mtu mzima akakurupuka, akaanza kutafuta shati alilokuwa amelivaa. "Aa, shemeji. Usinielewe vibaya. Nyumbani hakulaliki. Wale watoto wanapokezana kulia."

"Na mama yao analala saa ngapi?"

"Yeye si mama? Ameshazoea."

Fundi alitamani kumtemea mate, ila chumba kilikuwa kichafu vya kutosha. Akaifunga akaunti. Haikupita dakika, karani akapaza sauti kutoka mapokezi kwamba mafaili yamerudi. Ndipo fundi akampigia dada yake, akamweleza yote, soksi na chupa, huku shemeji akiinamisha kichwa.

Mtoto mmoja akalia kwa nyuma, wa pili akamfuata.

"Amekula?" dada yake akauliza.

Swali hilo likamtia fundi kinyaa kuliko soksi na chupa. Akakata simu, akampokonya shemeji ufunguo, akamwachia ndoo, dawa ya kusafishia na glavu.

"Hutoki hapa mpaka sakafu ing'ae. Na kucha zako, moja moja."

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, mara tatu, kisha akaenda kwa dada yake. Alimkuta mlangoni, macho mekundu, pacha mmoja kila bega. Akawapokea wote wawili, akamwelekeza chumbani kwa kidevu, akafunga mlango nyuma yake ili alale.