Kuonjeshwa Hewa

Mabruka alikuwa akimvua mumewe shati lililolowa jasho wageni walipoingia bila kungoja kukaribishwa. Lazhar aliketi kitandani ameegemezwa mito, kwani akilala chali pumzi humkatika. Vumbi la fosfeti, madini aliyoyachimba, lilikuwa limemjaa mapafuni. Daktari wa kampuni ya mgodi alishikilia kuwa ni sigara, ilhali Lazhar hakuwahi kuvuta hata moja.

Mbele alitangulia Bwana Fathi, msemaji wa kampuni, leso puani. Nyuma yake mpiga picha na kamera ya video. Wa mwisho aliingia Nizar, mwana wao wa pekee, amekumbatia mashine mpya ya oksijeni.

"Mama, si nilikwambia wataleta?"

Kampuni ilikuwa imemwahidi Nizar kazi mgodini. Tangu hapo alicheka kila Bwana Fathi alipofungua mdomo, hata akipiga chafya.

"Hilo kopo la makohozi litoeni," alisema msemaji. "Linaharibu picha."

Nizar akacheka. Mabruka akalitoa.

Mashine ikawashwa, Lazhar akavalishwa mrija puani. Polepole weusi ukamtoka midomoni. Mabega yakashuka. Mabruka alikuwa amesahau kwamba mabega yale huweza kushuka.

"Haya mzee, neno la shukrani. Fupi tu. Sema kampuni ni baba yetu."

Lazhar alivuta hewa. Safari hii alikuwa na pumzi ya kumaliza maneno yake.

"Baba yangu alikuwa mchunga mbuzi. Maskini wa kutupwa, lakini hakunilisha vumbi. Nyinyi mmenila mapafu, halafu mnakuja kupiga picha na mabaki. Mbwa wana haya kuliko nyinyi."

Bwana Fathi aligeukia mpiga picha. "Sauti tutaitoa. Uso umetoka vizuri?"

"Vizuri sana, bwana."

"Nizar, chomoa twende."

"Achomoe nini?" Mabruka aliuliza.

"Mashine, mama. Kuna wagonjwa wengine wanangoja picha," alijibu Bwana Fathi.

"Si mmemletea?"

"Tumemwonjesha. Yake itakuja. Vuta subira."

Mabruka akaikalia mashine. Akajifunga mtandio kiunoni, akatulia juu yake kama aliye kwenye kigoda chake cha jikoni.

Bwana Fathi hakubishana naye. Alimtazama Nizar. "Kijana, sisi tunaajiri watu wanaojua kumaliza matatizo."

"Mama, inuka. Nikipata mshahara nitamnunulia yake."

"Utaupata kwa kuchimba nini? Na yako atakununulia nani?"

Nizar alimshika makwapani, akamwinua, akamweka pembeni kama gunia. Kisha akamchomoa baba yake mrija. Alifanya taratibu, asimwumize, na upole huo ndio uliomchefua Mabruka kuliko yote.

Lazhar hakumzuia.

"Kitambaa," alisema, maneno yakikatika tena. "Mgodini... funga kitambaa... puani."

Nizar akamtupia jicho Bwana Fathi, kuona kama amesikia. Akaibeba mashine, wakatoka.

Mabruka alirudi kwenye mito. Akampandisha mumewe, akamshika kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka kwa pupa. Weusi ulikuwa umeanza kurudi midomoni.

Mara kigelegele kikapasuka nyumba ya pili, kwa Hasna, ambaye mumewe alichimba shimo moja na Lazhar. Kilikuwa kirefu, cha furaha tupu. Kikakoma. Halafu kikaanza upya, vilevile, mwanzo hadi mwisho. Bila shaka mpiga picha alikuwa ameomba kirudiwe.