Mlima Usiolipiwa

Shemeji alichagua kifaa cha kuongozea ndege kama anavyochagua televisheni, kwa kupima kioo kwa shubiri. Rubani alisimama nyuma yake pale dukani, mikono mfukoni, akamtazama mume wa dada yake akitanua vidole kutoka pembe hadi pembe. Huyu Mungu kampa ndege, akasema moyoni, akamnyima kichwa.

Ndege yenyewe ilikuwa ya injini moja na viti sita, mali ya Shemeji. Rubani aliirusha miaka kumi na moja, akipeleka dawa, vipuri na maboksi ya vifaranga hadi uwanja mdogo upande wa pili wa mlima. Aliomba GPS kwa sababu moja tu, ukungu. Siku za ukungu alikuwa akigeuza na mzigo wake. Shemeji alikataa miaka mitatu mfululizo, mpaka siku aliyoona rafiki yake kafunga GPS kwenye gari. Hapo haja ikawa ya lazima.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani na subira isiyo na mwisho, alieleza kwamba kifaa kina bei yake, ramani ya viwanja ina yake, na ramani ya milima na mabonde inalipiwa pembeni.

"Ya milima?" Shemeji akauliza. "Kwani milima inahama?"

"Haihami, mzee. Lakini kifaa hakiijui mpaka uiweke."

"Mimi naijua. Nimezaliwa nimeukuta ule mlima pale pale. Leo nilipie kuonyeshwa?" Akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

"Shemeji," Rubani akasema, "bora tuchukue kioo kidogo chenye milima kuliko hicho kikubwa kitupu."

"Wewe rusha, shemeji. Kununua niachie mimi."

Alilipa taslimu, noti moja moja, akilowesha kidole kwa ulimi kila noti ya tano. Kisha, mkono wa birika ule, akadai nyongeza. Mama wa duka akampa kitambaa cha kufutia kioo, na Shemeji akatoka kifua mbele, akiamini kwamba duka limekula hasara.

Karakanani nako hakuacha vituko. Alimwamuru fundi akifunge kifaa upande wa kulia, mbele ya kiti anachokalia yeye siku akipanda. "Rubani njia anaijua," alisema. "Anayetaka kuonyeshwa ni mimi." Fundi akamtazama Rubani, na Rubani akatazama dari.

Kifaa kikawashwa. Fundi akaingiza uwanja wa mjini na uwanja wa ng'ambo, na katikati ukajichora mstari wa rangi ya waridi ulionyooka kama uzi wa mwashi. Shemeji akauwekea kidole, akausoma, akakunja uso.

"Dakika arobaini na moja. Wewe unatumia hamsini."

"Nazunguka mlima, shemeji."

"Mlima uko wapi hapa?"

Kweli, haukuwepo. Palikuwa peupe pe, na mstari wake.

Shemeji alizinakili namba zote mbili. Aliingoja Jumapili, mezani kwake, mke wake akipakua, ndipo akatoa karatasi aliyoipigia hesabu. Dakika tisa kwenda, tisa kurudi, mara mbili kwa wiki, miaka kumi na moja. Mafuta hayo yamekwenda wapi? "Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alimaliza, akaendelea kula.

Rubani hakuogopa kupoteza kazi. Mwenye leseni safi halali njaa. Alichoogopa ni macho ya dada yake. Utotoni Rubani alimbandika dada huyo jina Chiriku, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki tangu kunakucha mpaka usingizi umchukue. Katika nyumba hii jina hilo lilikuwa limekufa, maana hapa alizungumza mtu mmoja tu, na debe tupu halichoki kuvuma. Sasa dada aliweka kijiko chini.

"Kaka, kwani kwa nini unazunguka?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko lile neno la Shemeji. Aliyeuliza hivyo alikuwa tayari ana shaka.

"Kesho twende wote, shemeji," Rubani akasema. "Nitaufuata mstari wako mpaka wewe mwenyewe uniambie niache."

Asubuhi ilikuwa safi, haina wingu. Nyuma, vifaranga walipiga kelele kwenye maboksi yao. Shemeji alikaa kulia, miwani puani, akikikodolea macho kioo chake. Walipofika juu ya shule yenye tangi jeupe, mahali ambapo miaka yote Rubani hukata kushoto kuufuata mto, safari hii hakukata.

"Unaona?" Shemeji akasema, macho kwenye mstari. "Tunakwenda vizuri kabisa."

"Tazama mbele."

Shemeji akainua kichwa. Mlima ulikuwa umejaza dirisha lote, na mbingu imebaki kipande.

"Panda juu."

"Kwa mzigo huu haipandi zaidi ya hapa. Na upepo unaovuka ule mlima unatushukia sisi."

Upepo haukungoja maelezo. Ndege ilidondoka ghafla, mikanda ikawabana mabegani, vifaranga wakanyamaza wote kwa pamoja. Kwenye kioo mstari ulibaki umenyooka.

"Niendelee?" Rubani akauliza. "Mashine inasema twende."

"Zunguka," Shemeji akasema, kwa sauti nyembamba ambayo mkewe hajapata kuisikia.

Rubani alikuwa ameshaanza kukata kona. Tangu mwanzo alijiachia nafasi ya kugeuzia. Hakuwa mtu wa kuua vifaranga mia nane kwa ajili ya mpumbavu mmoja.

Walipotua, Shemeji alikaa kitini akijifuta jasho kwa kile kitambaa cha kufutia kioo. Rubani alingoja. Alidhani atasikia samahani, au angalau kimya. Naye pia, ukweli usemwe, alikuwa na ujinga wake.

"Umefanya makusudi," Shemeji akasema. "Mashine hujui kuitumia, ndiyo maana unaichukia. Ijumaa anakuja rubani mwingine, anayejua mambo ya kisasa."

Jioni hiyo, ndege iliporudishwa mjini na Shemeji kwenda zake, Rubani alibaki ndani peke yake na funguo mkononi. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya, wala hakulikana: aache mstari ulivyo, mlima umfundishe mtu. Lakini siku ya ukungu atakayekuwa mbele ni huyo mgeni, mtoto wa watu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Akaichana nailoni, akasoma, akahama kiti akakaa kulia. Kwenye tangi jeupe akaweka nukta. Kwenye kiwiko cha mto akaweka nyingine, na pale bonde linapofunguka akaweka ya tatu. Mstari ukapinda, ukauzunguka mlima usioonekana. Kwenye nukta ya kwanza kifaa kiliuliza jina. Akafikiri kidogo, akaandika, akahifadhi, akateremka.

Wiki tatu baadaye, akiwa ameshapata kazi kwingine, dada yake alimpigia simu.

"Kaka, jana nilipanda ndege. Nilikaa kulia."

"Enhe."

"Pale mstari unapokata kona pameandikwa Chiriku."

Rubani akabana simu sikioni. Alimsikia dada akivuta pumzi.

"Dirishani nikauona mlima wenyewe, kaka. Nilikuuliza swali la kijinga siku ile. Nisamehe."

"Yameisha. Mumeo je, ameliona?"

"Ameliona. Akaniuliza Chiriku ni nini. Nikamwambia ni jina la mlima." Kicheko kikamponyoka. "Furaha aliyonayo! Anamwambia kila mtu kwamba dukani walitaka kumwibia, na mlima kaupata bure."

Rubani alicheka mpaka akaketi. Dada naye akashika hapo hapo, akaingia habari nyingine, na nyingine juu ya hiyo, wala hakunyamaza mpaka salio la simu likaisha.