Mkaa kwa Kopo

Siku ya dua ya kumuaga binti yangu Kudra, pale kwetu Cibitoke, nilikaa pembeni nimenuna. Alikuwa amepata bursi ya kwenda Ufaransa kusomea muunganiko wa nyuklia, yaani kuwasha moto kama wa jua ndani ya mtambo ili utoe umeme. Mimi radhi nilikuwa sijatoa, na yeye alishasema bila radhi ya baba hapandi ndege.

Shule niliiacha mapema, lakini redio nasikiliza. Tangu ujana wangu wanasema umeme huo uko karibu. Karibu gani hiyo? Mama yake alifia hospitali gizani, umeme umekatika, na wakubwa walikuwa wakituahidi neno hilohilo.

Na pilau nayo ilikuwa haiivi. Kwetu kila shughuli ina kamati, na kamati ina mshika mkaa. Safari hii alikuwa Hamimu, fundi cherehani anayeogopa hasara kuliko ugonjwa. Magunia kayafungia chumbani, ufunguo kauning'iniza shingoni kwa uzi, anatoka na kopo moja moja. Moto ukianza kushika, kopo limekwisha. Akileta jingine, sufuria imeshapoa.

"Hamimu, we unapika ao unafukiza udi?" mpishi wetu Saliha akamuuliza.

"Budje, mama! Pesa ya kamati ni kidogo! Nionyeshe kwanza pilau inaiva, njo nitaongeza."

"Itaiva na nini, na macho yako?"

Kudra akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaja kuchuchumaa karibu yangu.

"Papa, kazi yangu njo kama ile pilau. Ule moto unataka joto kupita la katikati ya jua. Mafuta yakipanda bei, serikali zinamwaga pesa. Yakishuka, zinatoa kwa kopo. Mafundi wanaondoka, mitambo inangoja. Kisha wanauliza, mbona haiivi?"

"Kumbe ni wakubwa!"

"Si wao peke yao, Papa. Kazi yenyewe ni ngumu sana. Lakini kopo linairefusha."

Hayo ya ugumu sikuyasikiliza. Nilikuwa nimeshasimama.

"Hamimu! Ufunguo!"

"Apana, Mzee Twahiru, kamati ilisema..."

Uzi ulikataa kufunguka, basi nikamvuta naye mpaka mlangoni, akainama kwenye kufuli kama mbuzi anayekunywa maji. Nikabeba gunia, nikalimwaga lote chini ya sufuria. Haukupita muda, kifuniko kikaanza kucheza, wanawake wakapiga vigelegele, na Hamimu mwenyewe akatafuta sahani.

Shehe Tajudini, aliyekuja kusoma dua, akanigeukia. "Baba mutu, unasemaje?"

"Aende," nikasema. "Miaka yote mi nawatukana wakubwa nikiwa hapa uani, hawasikii. Huyu atawaambia akiwa karibu."

Kudra akapiga magoti. Nikamwekea mkono juu ya mtandio wake mweupe, nikamwombea kwa Mungu.

"Mzee!" Saliha akapiga kelele. "Si ungenawa kwanza!"