Cherehani ya Chumba cha Vielelezo

Siku hiyo mjinga alikuwa Nurudini, na tulimalize hilo mapema tusije tukamsingizia mtu mwingine.

Cherehani yake iliibwa Kibondo mjini mwanzoni mwa 2013, ikakamatwa Mabamba ikiwa imebaki kidogo tu ivuke kwenda Burundi. Mwizi akawekwa ndani, cherehani ikafungwa kikaratasi cha namba na kusukumwa kwenye chumba cha vielelezo kituoni. Kesi ikawa kupigwa kalenda tu. Nurudini akakata tamaa, akabaki barazani anarudishia watu vifungo kwa mkono.

Safari za kituoni alizianza mkewe, Mwajabu. Kila Alhamisi anaoga, anajipulizia marashi, huyoo.

"Yemwe, Baba Zaitun," Esteri muuza maharage akamwita Nurudini kwa Kiha chake, akamtania, "nimempita Koplo Nestori, mtunza vielelezo. Leo kajitunza na yeye! Sare imenyooka mpaka inakata."

Nurudini alijidai kucheka. Sindano ikamchoma kidole, akaitupa, akaondoka mbio.

Dirishani kwa Koplo akasikia kicheko cha Mwajabu, kile ambacho nyumbani hakijasikika tangu mfungo. Akachungulia. Vichwa viwili vimeinamia karatasi moja, Koplo anamalizia kuandika, Mwajabu anamwonyesha kwa kidole. Barua! Nurudini akaingia kama mbuzi shambani, akaipokonya, akaichana vipande viwili.

Koplo Nestori akashusha pumzi, uso ukamnawiri. "Mimi nilishaandika, mama. Kachana mwenyewe. Siandiki tena."

Ndipo Nurudini alipokisoma kipande: *nakiri kwamba mkanda na bobini ya uzi vya cherehani hii vimepotea vikiwa chini ya uangalizi wangu...* Kumbe wiki zote hizo Mwajabu alikuwa akidai daftari lifunguliwe, kifaa kimoja kimoja kikaguliwe, na kila wiki Koplo ana mgonjwa, ana msiba, ana semina.

"Sasa ulikuwa unacheka nini?"

"Kaniambia bobini ya chuma imeliwa na panya! Wewe ungelia?"

"Na marashi?"

"Ingia humo ndani, kuna madumu ya gongo na magunia ya bangi. Utaniomba nikupulizie."

Mwajabu akaokota vipande. Sahihi na muhuri vilikuwa vizima kwenye kimoja. "Hii inabandikika," akasema. "Naipeleka kwa mkuu wa kituo sasa hivi." Uso wa Koplo ukarudi kuwa wa kazini.

Nurudini alijua ameshindwa, lakini kila akiitazama ile sare iliyonyooka, kifua kinamfukuta.

"Hata hivyo," akang'ang'ania, "mke wa mtu, kila wiki kituoni! Lazima mume aje kuangalia kilicho chake."

"Kilicho chako kina miezi saba humu ndani, hujaja kukiangalia hata siku moja," Mwajabu akasema, akikunja karatasi. "Mimi sijaibiwa."