Neno la Breki

Kutoka jukwaani ungesema ni mzee anayempandisha binti yake gari la spoti ili naye aonje raha. Ndivyo watu walivyosema. Kila gari lile dogo jekundu la viti viwili lilipopita, walipiga miluzi: "Fundi Saa huyo! Na Binti Saa ubavuni! Shikilia helmeti, dada, mzee anakupeleka mwezini!"

Binti alipunga mkono akatabasamu. Moyoni alijua wanaona kinyume. Baba alishika usukani, lakini aliyekuwa akiendesha ni yeye, kwa mdomo.

Siku za wazi za uwanja ule hazikuwa za mashindano. Hapakuwa na kikombe wala mshindi. Mtu alikuja na gari lake, akavaa helmeti, akasubiri zamu ya kundi lake, kisha akazunguka mpaka roho isuuzike. Wengine walikuja na magari mapya yanayong'aa kama vijiko vya wageni. Wengine, kama Fundi Saa, walikuja na magari ya zamani waliyoyafufua wenyewe, boliti moja baada ya nyingine. Kupitana kuliruhusiwa mahali pamoja tu, pale njia iliponyooka mbele ya jukwaa, tena mpaka aliye mbele atoe mkono dirishani kumwambia aliye nyuma: pita.

Na macho ya Fundi Saa yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni aliona: ukingo wa lami, majani, michirizi myeupe na myekundu ya kona. Lakini akikutazama usoni, uso wako haukuwepo. Daktari aliwaeleza wote wawili, taratibu, kwamba kilichokwenda hakirudi. Mzee alifunga kibanda chake cha kutengeneza saa akawaambia majirani, "Siku hizi watu saa zao ziko kwenye simu, nimkalie nani?" Wakamhurumia kwa sababu isiyo yenyewe. Aliyejua ni binti peke yake.

"Mara moja tu, mwanangu," alimwomba baada ya hapo. "Ukae pembeni uniambie kona inapofika. Nikaliage gari langu."

Mara moja ile ilizaa. Kila walipotoka uwanjani mzee alikuwa mtu mwingine. Alikula, alitania, alimwimbia mjukuu wake. Tangu mama afariki, nyumba ile haikuwa imesikia wimbo. Binti angesemaje basi? Walikubaliana maneno mawili. "Bado" maana yake kanyaga mafuta. "Haya" maana yake breki, sasa hivi, usiulize.

Asubuhi ya siku hiyo mume wake alimsindikiza hadi mlangoni akiwa amembeba mtoto. Yeye alidhani mkewe anakwenda kukaa jukwaani na kumshika babu mkono kwenye ngazi.

"Nenda kapunge upepo," alisema. "Wiki nzima unapiga pasi nguo za watu, hata wewe ni mtu. Sisi wanaume tutapika uji."

"Usiunguze."

"Ukiungua tutauita keki."

Mtoto, aliyekuwa ameota jino la kwanza wiki ile, aling'ang'ania kifungo cha blauzi yake. Ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja. Ndani ya gari alijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Alijiambia hivyo mpaka lango la uwanja.

Kabla ya zamu yao alikuja Mama Mikate, mwenye duka la kuoka, akijifuta mikono kwenye ovaroli la buluu. Katika kundi la magari ya zamani ndiye dereva pekee mwanamke, na gari lake la kijivu alikuwa amelijenga kwa miaka, usiku akikanda unga, mchana akisugua kutu.

"Fundi Saa, shikamoo. Leo usinizibie njia, nina mikate inanisubiri."

"Marahaba. Ukiunguza mikate usinisingizie mimi."

"Nitakusingizia! Na wateja nitawaleta kwako wakatafune saa."

Mzee alicheka akigeuzia kichwa mahali sauti ilipotokea, upana wa kidole kimoja kando ya uso wa mwenyewe hasa. Binti aliliona hilo. Mama Mikate hakuliona, au alidhani ni maringo ya uzee.

Wakaingia. Mizunguko ya kwanza ilikwenda kama maji. "Bado... bado... bado... haya!" na gari likainamisha pua, likageuka, likatoka upande wa pili likiunguruma. Kuna raha katika kuaminiwa namna ile. Neno linatoka kinywani mwako na mguu wa baba yako unalitii papo hapo, bila kuliuliza lilikotoka. Binti aliona aibu kwa jinsi alivyoipenda raha hiyo.

Walipoingia mnyooko wa mbele ya jukwaa alitazama kioo, akaliona gari la kijivu limekaribia, likichungulia upande wa kushoto. Alitoa mkono dirishani akaupunga: pita. Mama Mikate akawasha taa mara moja kushukuru, akakanyaga.

Wakati huo huo mzee, furaha ikiwa imemjaa mpaka kooni, alipiga kelele kuushinda mngurumo: "Kesho mniletee mjukuu wangu! Nimchezeshe!"

"Haya, baba!" alijibu binti, akitabasamu.

Mguu ukashuka.

Katikati ya mnyooko, pasipo na kona wala sababu, gari jekundu lilifunga breki. Mkanda ulimkata binti begani. Nyuma yao matairi yalilia. Gari la kijivu liliwakwepa kwa upana wa kiganja, likapanda majani, likazunguka kama pia, likajitupa kwenye ukuta wa matairi makuukuu. Vumbi. Kisha bendera nyekundu, na kila gari likasimama.

"Nini?" mzee aliuliza. "Mwanangu, nini kimetokea? Kona iko wapi?"

Mama Mikate alitoka mwenyewe, kwa miguu yake. Alikuwa amelishika bega la kulia kwa mkono wa kushoto, na sehemu yote ya mbele ya gari lake ilikuwa imekunjika kama karatasi ya kufungia andazi. Alilitazama tu. Hakulia.

Msimamizi wa uwanja aliwaita wote watatu chumbani kwake, chumba kidogo chenye feni inayolalamika na rafu ya helmeti za kuazima. Mlangoni walijazana madereva wengine, kila mmoja na maoni yake.

"Walinipa mkono," alisema Mama Mikate. "Niliuona. Halafu wakafunga breki njia nyeupe."

"Mzee, ulimpa mkono?" aliuliza msimamizi.

"Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani," alisema Fundi Saa. Na ilikuwa kweli.

"Na breki?"

Mzee alikohoa. "Gari la zamani hilo. Breki zilijishika zenyewe."

Wenye magari ya zamani waliitikia kwa vichwa. Nani hajashikwa na breki? Mmoja mlangoni akasema, "Ukimfuata mtu karibu vile, utalaumu breki zake?" Mwingine akamalizia, "Arudi kwenye unga. Huko ukikosea unapata chapati." Wakacheka.

Msimamizi hakucheka. Alisema kanuni ni moja: anayepita bila kupewa mkono anarudisha beji yake na harudi tena uwanjani. Mama Mikate alimgeukia binti. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri chenji yake.

Binti alifungua kinywa, akakifumba. Alitazama sakafu. Ilikuwa na doa la chai lenye umbo la sikio.

"Nendeni nje kwanza," alisema msimamizi. "Mama, wewe baki tuandikiane."

Nje, nyuma ya gari jekundu, mzee alipapasa boneti mpaka akapata mahali pa kuegemea.

"Ulisema haya," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nakujibu, baba. Kuhusu mtoto."

"Nimeshaelewa. Nilielewa pale pale vumbi lilipotulia. Si kosa lako. Neno ni moja, tukalipa kazi mbili."

"Mkono nilimpa mimi, baba. Wanamfungia bure. Twende tukaseme."

"Tukaseme nini? Kwamba Fundi Saa haoni? Tukisema hivyo leo, kesho nakaa sebuleni nasikiliza saa ya ukutani mpaka nife. Gari lake litanyooshwa, mwanangu. Bodi linanyooshwa, taa zinanunuliwa. Macho yangu hayana spea."

Binti alimtazama. Ndevu zilizoponyoka wembe chini ya kidevu, mahali asipopaona. Kola aliyomkunjia yeye asubuhi. Mtu aliyemfundisha kusema "samahani" kabla ya kumfundisha kusoma saa. Akamwonea huruma iliyomuuma kama kidonda kibichi, na katikati ya huruma ile akaona kitu kilichomtisha: angeweza kweli kukaa kimya. Ingekuwa rahisi. Wangepanda gari, angemwendesha yeye hadi nyumbani kama kawaida, wangekuta uji umeungua, wangecheka. Na wiki zijazo wangerudi tena, "bado, bado", mpaka siku ambayo ukuta wa matairi usingekuwepo. Mficha maradhi, alijua methali inavyoishia.

"Baba, nakwenda."

"Mwanangu, nakuomba."

Hakuwa amewahi kuombwa na baba yake akakataa. Aliondoka hata hivyo, na kila hatua ilikuwa kama anamkanyaga yeye.

Chumbani, Mama Mikate alikuwa akijaribu kubandua beji kifuani kwa mkono mmoja mzima. Binti alisema haraka kabla ujasiri haujamponyoka.

"Mkono alipewa. Nilimpa mimi. Na breki hazikujishika. Mimi ndiye nilimwambia baba afunge, kwa bahati mbaya. Neno letu la breki ni haya. Aliniambia jambo la nyumbani, nikamjibu haya."

Msimamizi alikunja uso. "Sasa dereva aambiwe na abiria wakati wa kufunga breki, kwa nini?"

Kulikuwa na haya ya kumjibu mzazi, na haya ya kusimamisha gari. Ile ya tatu, ya usoni, ndiyo iliyomjaa sasa mpaka masikioni.

"Baba haoni," alisema. "Haoni mbele. Ni muda sasa. Nilijua, nikapanda naye."

Feni ilizunguka. Mlangoni hakuna aliyetania.

"Mnajua mngeua watu?" Msimamizi alisema polepole, kama anajiuliza mwenyewe. "Washika bendera wangu wanasimama pale. Wana watoto wale." Alinyanyuka. Alisema gari jekundu halitaingia tena kwenye njia ile, wala binti hatakanyaga uwanjani, na binti akaitikia kila neno kwa kichwa. Beji ya Mama Mikate ilibaki kifuani kwake.

Mama Mikate hakuonekana kama aliyeshinda. "Una mtoto, wewe?" aliuliza.

"Mmoja. Ameota jino."

"Mimi ninao watatu. Nikawawaza wao nilipokuwa nazunguka pale." Alishika bega lake. "Ulikaa kimya mara ya kwanza. Nilikutazama ukakaa kimya."

"Ndiyo," alisema binti.

Mama Mikate alitoka kwenda kwenye gari lake, ambalo gari la kuvuta lilikuwa tayari limelisogelea.

Binti alipogeuka alimkuta baba mlangoni. Alikuwa amefuata ukuta kwa kiganja mpaka pale, na chokaa ilimjaa kwenye vidole. Rafiki zake wa miaka yote walikuwa wamempisha, kila mmoja akitazama viatu vyake. Aliyesema habari za unga alivua kofia, akaishika mikononi, hajui aifanyie nini.

"Umeshasema," alisema mzee.

"Nimesema, baba. Nisamehe."

"Yule mama yuko wapi?"

"Kwenye gari lake. Nikupeleke?"

Alimshika kiwiko. Mzee alikitoa kiwiko, bila ukali, jinsi mtu anavyotoa kitu chake mfukoni mwa mwingine. "Niache nitembee."

Akatembea. Kichwa akikiinamisha upande, akiutumia ule ukingo wa macho uliombakia, alivuka lami kuelekea mlio wa minyororo. Kando ya gari la kijivu alisimama mtu mwenye ovaroli la buluu. Mzee alisimama mbele yake, akanyoosha mgongo, akavua kofia.

"Mama," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikusemea uongo mbele ya watu."

Mtu yule alikuwa dereva wa gari la kuvuta, kijana mwenye masharubu na mnyororo begani. Alimtazama mzee, kisha akainua macho kumtafuta binti, akiuliza kwa nyusi afanyeje. Binti alishaanza kukimbia. Alishafungua hata kinywa: baba, siye. Akasimama. Akalimeza neno hilo.

Mama Mikate alikuwa ameketi juu ya tairi, hatua chache kando, mkono umelala mapajani. Aliyaona yote. Usoni mwake hasira na kitu kingine vilikuwa vikigombania nafasi. Kisha akainuka, akaja bila kishindo, akamgusa kijana bega kumwambia asogee, akasimama pale pale alipokuwa amesimama yeye.

"Nakusikiliza, mzee," alisema.

Fundi Saa alitulia kidogo, kichwa kikiwa bado upande. Kama alitambua, hakuonyesha. Akaanza upya, tangu mwanzo, na binti yake akabaki kule alikosimama, mikono nyuma, asimwongoze.